Vidole vyeupe pe kwenye joto hili la Mombasa, maabara yasema "kingamwili za sentromea". Wajuzi, hii ni nini?

#1 Binti Mvita (mleta uzi)
Salaam wanabodi. Dadangu mkubwa auza samaki, mikono yake miaka nenda miaka rudi iko ndani ya barafu. Tangu mwaka jana akitia mkono kwenye sanduku la barafu, vidole vitatu vya kulia vinakuwa vyeupe pe, kuanzia kiungo cha kati hadi ncha, mpaka waona mstari pale damu ilipokomea. Baadaye vyageuka samawati, halafu vyekundu na kuchoma. Siku hizi hata akiingia benki penye AC, hali ni hiyo hiyo.

Daktari akamwandikia kipimo cha ANA, cha kutafuta kingamwili (protini za kinga) zinazolenga kiini cha seli za mtu mwenyewe. Karatasi imerudi: chanya, 1:640, muundo wa sentromea. Hakuna maelezo mengine. Aliyempa karatasi dirishani akamwambia "una lupasi mama", basi nyumbani ni vilio tupu na miadi ya daktari bado.

Naomba kujua: hii ni lupasi kweli, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake? Na la pili linanisumbua zaidi. Sentromea nilivyosoma shule ni sehemu ya kromosomu, iko ndani ya kiini cha seli. Kinga ya mwili imefikaje huko ndani hata ikagombana nayo?

#2 Nahodha Mstaafu
Mombasa hii ya jasho mtu agande vidole? Mwambie aache samaki aingie kwenye mahamri, mikono ishinde karibu na mafuta moto. Konsalteshen ni bure.

#3 Mtu wa Likoni
Nahodha kila uzi kwako ni baraza la kahawa. Tuwe serious kidogo.

Mleta uzi, mimi nasema hayo ni masalio ya chikungunya. Ile ya 2017 kuingia 2018 ilipotupiga hapa Mombasa, mamangu alikaa miezi hawezi kufunga vifungo vya kanzu yake ya nyumbani. Viungo vilivimba, vidole vikakakamaa. Watu wengi wa huku wanatembea na maumivu yale mpaka leo na hawajui yametoka wapi.

#4 Maabara ya Usiku
Nafanya kazi maabara, sitasema wapi. #3, chikungunya yaumiza viungo sawa, tena kwa muda mrefu, lakini haigeuzi vidole vyeupe kwa barafu na haitoi muundo huu.

Nieleze kidogo mtu aone kinachofanyika. Tunachukua siramu, yale maji ya njano yanayobaki damu ikishaganda. Tunaizimua: 1:80, kisha maradufu 160, 320, 640. Kuna kigae cha kioo kimepandwa seli za binadamu zinazoitwa HEp-2. Unadondosha siramu, unasubiri, unaosha, unaongeza kingamwili ya pili iliyotiwa rangi inayong'aa kijani, unaosha tena. Unazima taa ya chumba, unaweka jicho kwenye hadubini. Kiini chote kiking'aa sawasawa, hiyo ni habari moja. Kikiwa na madoadoa mazito, habari nyingine. Sentromea ni vitone vidogo, kila kimoja peke yake, vimetawanyika ndani ya kiini, 46 hivi kwa sababu kila kromosomu ina sentromea moja. Halafu unatafuta seli iliyo katikati ya kugawanyika: vitone vyote vimejipanga mstari mmoja katikati. Ukishauona mstari ule huna haja ya kumwita mwenzako akusaidie.

1:640 maana yake tumeizimua kiasi hicho na bado inang'aa. Si ndogo.

#5 Shangazi Nyali
Sasa mumenitia hofu. Mimi nilipimwa ANA nikaambiwa chanya 1:80, daktari akaniambia nenda zako. Vidole vyangu vizuri, ngozi nzuri, naenda mazoezi asubuhi pwani kila siku. Ina maana nafichwa?

#6 Maabara ya Usiku
Shangazi, tulia. Kuna utafiti wa mwaka 1997 ulioongozwa na Eng Tan, maabara kadhaa za nchi mbalimbali zikapima watu wazima wa afya. Kwa 1:40 karibu asilimia 32 walikuwa chanya. Kwa 1:80 asilimia 13. Kwa 1:160 asilimia 5. Ukisimamisha watu mia pale Feri kwenye foleni, wapo kadhaa wenye karatasi kama yako na hawataugua maisha yao.

#7 Mganga Hajigangi
Mimi ni daktari, si wa fani hii hasa, lakini wagonjwa hawa nawaona.

Kwanza, aliyesema "una lupasi" dirishani hana kazi ya kusema hivyo. ANA ni mlango tu. Karibu wagonjwa wote wa lupasi wana ANA chanya, ila wenye ANA chanya walio wengi hawana lupasi. Kwa lupasi tunataka kuona kingamwili dhidi ya DNA ya nyuzi mbili, au dhidi ya protini ya kiini iitwayo Sm, pamoja na dalili. Sentromea inaelekeza kwingine: skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi, na hasa ile aina yenye mpaka, inayokaa vidoleni, usoni na kwenye umio. Inaonekana pia kwa baadhi ya watu wa ugonjwa wa Sjögren, unaokausha macho na mdomo, na wa ile kolanjitisi ya ini, inayoshambulia mirija ya nyongo.

Hilo la vidole kugeuka rangi lina jina, hali ya Raynaud, kwa heshima ya daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeandika tasnifu yake 1862. Si lazima pawe na baridi ya Ulaya. Barafu ya samaki yatosha, AC yatosha, hata hasira yatosha.

Mleta uzi, mwulize dadako: ana kiungulia? Chakula kikavu kinakwama kifuani? Ngozi ya vidole imekaza? Ana vidoa vyekundu vidogo usoni au midomoni vinavyopotea ukivibonyeza? Anahema akipanda ngazi?

#8 Binti Mvita (mleta uzi)
Daktari, nimesoma maswali yako nikiwa naye hapa sebuleni, ameguna tu.

Kiungulia anacho miaka, sisi twamlaumu achari. Mkate mkavu hali mpaka auchovye chai. Pete yake ya ndoa haitoki tena, na hajanenepa. Ngozi juu ya vidole imekuwa laini inang'aa, huwezi kuifinya ukaikunja. Na vidoa kwenye mdomo wa chini viko vitatu, alidhani ni lipstick mbaya imemwunguza. Ngazi anapanda sawa, tunakaa ghorofa ya tatu.

#9 Mganga Hajigangi
Basi nisimalize uchunguzi wa mwenzangu kwenye simu. Ila aende na hayo yote yameandikwa kwenye karatasi, asitegemee kukumbuka. Aombe eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, na kipimo cha pumzi hata kama anapanda ngazi vizuri, maana watu wa sentromea tunawachunga kwa presha ya mishipa ya mapafu, nayo huja kimya. Wenye kingamwili dhidi ya protini nyingine ya kiini, topoisomerasi 1, ile iliyoitwa Scl-70, ndio tunaowachunga zaidi kwa mapafu kukakamaa. Mtu mmoja kuwa na zote mbili ni nadra.

#10 Kibibi wa Kuze
Jamani musinicheke. Dada yuwauza samaki vizuri, ana wateja wake, yuwajenga. Hamuoni jicho hapo? Jirani yetu vidole vyake vilikuwa hivi hivi, akaenda kwa maalim akaandikiwa kombe, akanywa, vikatulia. Mimi sikatai hospitali, nasema fanyeni vyote.

#11 Pweza wa Kibokoni
Bi Kibibi, alikunywa kombe mwezi gani? Kama ni kiangazi kilipoingia, vidole vyatulia kwa kila mtu.

#12 Kibibi wa Kuze
Wewe Pweza ulizaliwa ubishi. Alikunywa kusi imeanza, na upepo wavuma. Haya nipe sababu yako.

#13 Pweza wa Kibokoni
Sina. Nimekaa pembeni nangoja mtu ajibu swali la pili la mleta uzi. Kinga imeingiaje ndani ya kiini?

#14 Msomi wa Seli
Hapo ndipo mnaniita mimi. Nilisoma biolojia ya seli kabla maisha hayajanileta kwenye biashara ya vipuri.

Ndani ya kiini, DNA imezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni, kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Pale kwenye sentromea, histoni mojawapo, H3, imebadilishwa na ndugu yake anayeitwa CENP-A. Juu yake wanakaa wengine, CENP-B na CENP-C miongoni mwao, na hapo ndipo nyuzi za kuvuta kromosomu zinaposhika seli ikigawanyika.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wanasayansi hawakuzijua protini hizi kabla ya wagonjwa. Mwaka 1980 Moroi, Tan na wenzao waliripoti kwamba siramu za wagonjwa wa skleroderma zinang'arisha sentromea. Mwaka 1985 Earnshaw na Rothfield wakatumia siramu za wagonjwa hao hao kuzitambua CENP-A, B na C kwa uzito wao. Damu ya wagonjwa ndiyo iliyokuwa tochi.

Swali la pili sasa. Seli ikiwa hai na nzima, kingamwili haziingii kwa kawaida. Lakini seli hufa kila siku kwa mamilioni, kwa mpango. Zikifa, yaliyomo yanakatwakatwa na kusogezwa juu, kwenye mapovu ya utando wa seli. Miaka ya 1990 kikundi cha Casciola-Rosen na Rosen pale Johns Hopkins walionyesha kwamba shabaha nyingi za kingamwili hizi zinakusanyika kwenye mapovu hayo. Wasafishaji wa mwili wakichelewa kuzoa mizoga, kinga inapata nafasi ya kuona kitu ambacho hakikupaswa kuonekana.

#15 Pweza wa Kibokoni
Hapo nimeridhika nusu. Mimi na wewe seli zetu zafa pia. Mbona sisi hatuna sentromea 1:640?

#16 Msomi wa Seli
Hapo ndipo wanapogombana wakubwa. Jeni, homoni, virusi, sumu, bahati mbaya. Kila mmoja ana kipande.

Na Maabara, nikurekebishe kidogo kwenye #4: vitone 46 ni vya seli ya kawaida. Hizo HEp-2 zenu ni seli za saratani na kromosomu zao zimezidi, ndiyo maana mara nyingi mnahesabu zaidi ya hapo.

#17 Maabara ya Usiku
Kweli, vitabu vyetu husema 40 mpaka 80. Nilitaka watu waelewe wazo. HEp-2 zilitoka kwenye saratani ya koo.

#18 Msomi wa Seli
Ndivyo zilivyouzwa. Baadaye uchunguzi wa jeni ukaonyesha ni HeLa zilizovamia chupa nyingine. Yaani ni za Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani aliyefariki Baltimore mwaka 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, seli zikachukuliwa bila kuombwa ruhusa.

#19 Binti Mvita (mleta uzi)
Subhanallah. Kwa hiyo damu ya dadangu wa Majengo imejaribiwa juu ya seli za mama aliyekufa 1951?

#20 Maabara ya Usiku
Ya dadako, na ya kila mtu aliyepimwa ANA kwa njia hii. Nimeduwaa pia, miaka yote naosha vigae hivyo.

#21 Mchonga Mawe
Niingie. Ami yangu alikuwa mkata mawe Kilifi, haya mawe ya kujengea nyumba zenu zote. Vumbi jeupe kuanzia alfajiri. Akafa na ngozi imekaza usoni mpaka mdomo haufunguki vizuri kula wali. Nilikuja kusoma kwamba vumbi la mawe linaleta skleroderma. Mwulize dada kama aliwahi kukaa karibu na timbo.

#22 Msomi wa Seli
Pole kwa ami. Wazo lako lina mizizi: Bramwell aliliona kwa waashi wa mawe wa Edinburgh mwaka 1914, na Erasmus akaandika 1957 juu ya wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Lakini kinachohusishwa ni silika, iliyo kwenye mchanga, quartz na granite. Mawe yetu ya pwani ni matumbawe, yaani chokaa. Silika yake ni kidogo mno.

#23 Mchonga Mawe
Unaongea na mtu aliyekuwa anambebea ami maji kule chini. Hakukata matumbawe peke yake. Kabla ya timbo alikuwa anapiga mchanga kwa pampu ya upepo kwenye meli zilizopandishwa kusafishwa, kutoa kutu. Mchanga, si chokaa. Sasa?

#24 Msomi wa Seli
Sasa umesema jambo jingine kabisa, na hilo ningelianza nalo.

#25 Nahodha Mstaafu
Nathibitisha. Miaka yangu ya meli wale vijana wa kupiga mchanga walifunga leso puani tu. Hapa sifanyi mzaha.

#26 Fundi wa Friji
Dada wa mleta uzi hajawahi kupiga mchanga meli, turudi kwake. Mimi najua kitu kimoja, baridi. Nafanya kazi kwenye vyumba vya kuhifadhia samaki, tuko wengi tunashika vyuma vya barafu bila glavu na vidole havigeuki. Kwa hiyo barafu haileti ugonjwa, barafu inaufichua. Mtu angekuwa anauza mitumba Kongowea angejua baada ya miaka mingi zaidi.

#27 Mganga Hajigangi
Fundi, hilo ndilo jibu bora kwenye uzi huu kuhusu barafu.

#28 Abu Swaleh
Mimi kesi yangu ni ya histoni. Nilipewa aisoniazidi za kuzuia TB kwa sababu nilikaa nyumba moja na mgonjwa. Baada ya muda viungo vikaanza kuuma, homa ya jioni, kifua kikichoma nikivuta pumzi. Wakapima, ANA chanya, halafu kingamwili za histoni chanya. Dawa ikasimamishwa, wiki chache nikawa mzima. Dadako anatumia dawa gani? Inawezekana ni hiyo tu.

#29 Mganga Hajigangi
Ahsante Abu Swaleh, kesi nzuri. Lupasi ya dawa inajulikana tangu miaka ya 1950, haidralazini ya presha ndiyo iliyoanza kusikika. Prokainamidi ya moyo ndiyo bingwa, na aisoniazidi imo. Kingamwili za histoni huonekana kwa wengi mno wa hali hiyo. Watu ambao ini lao linashughulikia dawa hizi polepole kwa kurithi ndio wako hatarini zaidi. Lakini dawa hizi hazileti sentromea, na wala hazikazi ngozi ya vidole. Na msiache dawa za TB kwa sababu ya uzi huu, tafadhali. Abu Swaleh alisimamishiwa na daktari, hakujisimamishia.

#30 Abu Swaleh
Naam, nilisimamishiwa.

#31 Mama Tatu
Hamujaniambia kwa nini ni sisi wanawake. Lupasi ni sisi, skleroderma ni sisi. Nahodha na barafu yake ya kuweka kwenye maji ya kunywa hapati kitu.

#32 Msomi wa Seli
Mama Tatu, kwa lupasi ni wanawake 9 kwa mwanamume 1 hivi. Kuna maelezo mawili ninayoyapenda na hayaelewani.

La kwanza: mwaka 1998 kikundi cha Lee Nelson kule Seattle kilikuta seli za watoto ndani ya damu ya mama zao wenye skleroderma, miaka mingi baada ya kuzaa, kwa wingi kuliko kwa mama wasio wagonjwa. Wazo likawa kwamba seli hizo za mgeni zinaichokoza kinga.

La pili ni jipya, 2024, kutoka maabara ya Howard Chang, Stanford. Mwanamke ana X mbili, moja inazimwa na molekuli iitwayo Xist, ambayo inafunika kromosomu nzima pamoja na protini nyingi. Wakawawekea panya madume Xist, wale wenye jeni za kuwaelekeza kwenye ugonjwa wakaugua kama majike. Yaani mzigo wa protini unaotembea na kromosomu ya kike ndio unaoonekana na kinga.

#33 Mama Tatu
Hilo la watoto silikubali. Dada wa mleta uzi ana watoto?

#34 Binti Mvita (mleta uzi)
Hana. Alishaolewa mara moja, hakujaaliwa.

#35 Mama Tatu
Basi nadharia ya kwanza ishapata ajali.

#36 Msomi wa Seli
Si lazima. Mimba iliyotoka mapema huacha seli pia, na hata wewe una seli za mamako ndani yako. Lakini sitampigania Nelson hapa, ushahidi wenyewe haukukaa sawa baadaye.

#37 Mtu wa Likoni
Nyinyi mwasema Xist, mimi nasema malaria. Bibi zetu hawakuwa na haya magonjwa. Sasa vyandarua kila chumba, malaria imepungua, kinga haina kazi yaanza kuchokora nyumbani.

#38 Pweza wa Kibokoni
Likoni, kutoka chikungunya hadi malaria, una mbu wa kila aina.

#39 Mganga Hajigangi
Msimcheke, hilo lina mwenyewe. Brian Greenwood alipokuwa Ibadan, Nigeria, aliandika 1968 kwamba magonjwa haya yalikuwa machache sana kwenye wodi zao, akakisia maambukizo ya vimelea ndiyo yanayozuia. Mwaka 1970 akaonyesha kwamba panya waliozaliwa na ugonjwa wa aina hii, wakipewa malaria ya panya, wanaupata kidogo.

Ila upande wa pili: watu waliozoea malaria mara nyingi hukutwa na ANA chanya wakiwa wazima. Kwa hiyo malaria yaleta karatasi chanya na labda yazuia ugonjwa. Na pia bibi zetu hawakupimwa. Bibi aliyekufa na "figo" au "kifua" Faza mwaka 1960, nani alimwangalia vidole?

#40 Mtu wa Likoni
Nimeshinda nusu, yatosha.

#41 Kijana wa Saba Saba
Hamujauliza swali la maana. Dada anatafuna muguka?

#42 Nahodha Mstaafu
Huyu sasa anataka kutufungia uzi. Zile vurugu za Mei 2024 kaunti ilipoipiga marufuku hazikukutosha?

#43 Mganga Hajigangi
Swali halali. Katinoni ya miraa na muguka yabana mishipa, na sigara vivyo hivyo. Haviumbi kingamwili za sentromea, lakini kwa mwenye Raynaud ni kumwongezea kamba shingoni. Anayetafuna aache, anayevuta aache.

#44 Binti Mvita (mleta uzi)
Hatafuni. Shemeji wa zamani ndiye aliyekuwa akivuta ndani ya nyumba, na huyo hayupo.

#45 Dawa Chapchap
Dada asihangaike. Nunua prednisoloni duka la dawa, vidonge vya miligramu tano, meza sita asubuhi. Shemeji yangu alikuwa na mabonge ya viungo, wiki moja akacheza chakacha.

#46 Mganga Hajigangi
Hapana. Hapana kabisa. Kwenye skleroderma dozi kubwa ya steroidi kama hiyo prednisoloni inahusishwa na figo kushambuliwa ghafla: presha inapanda kwa siku chache, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, figo zinafunga. Kabla ya dawa za presha za familia ya kaptopril kuanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, wengi walikufa na hilo. Dadako anunue mashine ya presha ya mkono, apime nyumbani, na ikipanda ghafla aende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa Chapchap, futa hiyo post.

#47 Dawa Chapchap
Sawa daktari, lakini shemeji alipona.

#48 Shangazi Nyali
Shemeji yako alikuwa na ugonjwa gani? Haujausema.

#49 Dawa Chapchap
Viungo.

#50 Pweza wa Kibokoni
"Viungo" 😂 Hata pilau ina viungo.

#51 Shangazi Nyali
Nirudi kwa Maabara #6. Nimesoma mahali kwamba jeshi la Marekani liliweka damu za askari, wale waliopata lupasi baadaye walikuwa na kingamwili miaka kabla. Sasa 1:80 yangu?

#52 Maabara ya Usiku
Utafiti upo, 2003. Wagonjwa 130, na 88 kwa mia walikuwa na angalau kingamwili moja kabla ya kugunduliwa, wengine mpaka miaka tisa hivi. Lakini pale walianza na wagonjwa wakarudi nyuma. Wewe ni mzima unatazama mbele, na kwa 1:80 njia hizo mbili hazifanani. Ungekuwa na sentromea na vidole vyeupe ningekuambia usikose miadi.

#53 Pweza wa Kibokoni
Swali la mwisho kwa daktari kabla sijakwenda swala. Hizo kingamwili zenyewe ndizo zinazoharibu vidole, au ni alama tu?

#54 Mganga Hajigangi
Za DNA kwenye lupasi tunajua zinakwama kwenye figo na kuumiza. Za sentromea, mimi sijaona ushahidi unaonishawishi kwamba zenyewe ndizo zinazokaza ngozi. Tunazitumia kujua mgonjwa yuko kundi gani na tumchunge wapi. Ndiyo maana sirudii kipimo kila mwezi kuona kama 640 imekuwa 320. Naangalia vidole, presha, eko.

#55 Msomi wa Seli
Nitapinga kidogo. Kwa saratani, watafiti wa Johns Hopkins walionyesha 2014 kwamba baadhi ya wagonjwa wa skleroderma wenye kingamwili dhidi ya RNA polimerasi III, protini inayonakili jeni, walikuwa na uvimbe wa saratani ambao jeni la protini hiyo hiyo limeharibika. Yaani kinga ilianza kupigana na saratani, ikaishia kupigana na mwili. Kama shabaha ilichaguliwa kwa sababu, kingamwili si karatasi ya utambulisho tu. Labda na sentromea ina kisa chake hatujakijua.

#56 Mganga Hajigangi
Kisa cha polimerasi III sikibishi. Lakini wenye sentromea katika tafiti kadhaa ndio wenye saratani chache kuliko wenzao. Kisa chako kinaenda kinyume.

#57 Msomi wa Seli
Au kinga yao ilishinda vita mapema, saratani ikaisha, kingamwili zikabaki. Wapo wanaosema hivyo.

#58 Mganga Hajigangi
Wapo. Na kuthibitisha saratani ambayo haikuwahi kuonekana, kila la heri.

#59 Msomi wa Seli
Nikuongezee mzigo: kwa Wamarekani weusi wenye skleroderma, sentromea hupatikana mara chache kuliko kwa weupe, wao zaidi ni topoisomerasi na protini nyingine ya kiini, fibrilarini. Dada wa mleta uzi amekwenda kinyume na vitabu.

#60 Kibibi wa Kuze
Nilisema mie. Jicho halisomi vitabu.

#61 Binti Mvita (mleta uzi)
Nimerudi. Miadi imesogezwa mbele, eko ni wiki ijayo. Daktari amemwanzishia nifedipini ya kufungua mishipa, na alimpaka mafuta kwenye ukingo wa kucha akaangalia na kile kitochi cha ngozi. Akasema vimishipa vingine vimevimba sana, vingine havipo. Sijui mzuri huo au mbaya.

#62 Mganga Hajigangi
Unalingana na karatasi. Mwambie asisimame ghafla akitoka kitandani, nifedipini humwangusha mtu.

#63 Fundi wa Friji
Glavu: asivae zile nyembamba za mpira peke yake, zinapitisha baridi. Pamba ndani, mpira mzito juu. Kijana ashike barafu, yeye ashike pesa.

#64 Nahodha Mstaafu
Na samaki changu ni shilingi ngapi siku hizi kwake? Niko tayari kuunga mkono matibabu kwa kununua kilo mbili, nikipunguziwa.

#65 Binti Mvita (mleta uzi)
Nahodha, bei ni ile ile, na kumkwangua magamba ni juu yako.

#66 Msafiri wa Mtwapa
Nimesoma uzi wote. Karatasi yangu imeandikwa nukleola (kile kijisehemu ndani ya kiini), 1:320. Vidole havijawahi kugeuka. Mimi niko kundi gani?

#67 Maabara ya Usiku
Muundo huo una protini kadhaa nyuma yake, fibrilarini ikiwa mojawapo, na kigae peke yake hakinionyeshi ipi. Fungua uzi wako, andika umri, dawa unazotumia, kama umeumwa karibuni, na nani alikuandikia kipimo na kwa nini. Niko zamu mpaka asubuhi.